Iulize Injini Kabla Hujanunua Propela

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wamiliki na waendeshaji wa boti za burudani. Wengi mliokosa kufika mmeiomba, kwa hiyo naiweka yote hapa kama nilivyoisema.

Ndugu zangu wenye boti, manahodha, mafundi wenzangu, na ninyi mliokaa huko nyuma mnaojiandaa kununua boti yenu ya kwanza, nawasalimu nyote.

Nimeshika propela mbili mkononi. Walio nyuma, mnaziona? Zote zina mapanga matatu. Zote ni za alumini, zimepakwa rangi nyeusi. Zote zinaingia kwenye shafti ile ile ya injini ile ile. Kabla hatujaanza niliwapa watu wa safu ya mbele wazishike, wazigeuze, waniambie zinatofautiana wapi. Mzee mmoja akasema hii imechubuka kidogo. Mwingine akasema hii nzito. Basi.

Sasa sikilizeni. Hii ya mkono wa kulia ilikuwa inaiua injini ya mtu polepole, na mwenyewe hajui. Hii ya kushoto ndiyo iliyoiponya. Boti ile ile, injini ile ile, mwendeshaji yule yule. Kilichobadilika ni propela peke yake.

Watu wangapi hapa wamewahi kutumia wiki nzima kuchagua injini? Naona mikono mingi. Na wangapi wametumia hata saa moja kuchagua propela? Mnaona wenyewe. Tunanunua injini kwa fedha nyingi na mjadala mrefu, kisha tunakubali propela yoyote iliyokuja nayo. Ilhali nguvu yote ya ile injini, yote bila kubakiza, inapita kwenye kipande hiki cha chuma kabla ya kuyafikia maji. Hakuna njia nyingine.

Nianze kwa kisa cha zamani. Mwaka 1836 Mwingereza mmoja, Francis Pettit Smith, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuendesha chombo kwa parafujo inayozunguka ndani ya maji. Mwaka ule ule John Ericsson, mzaliwa wa Sweden, naye akapata yake. Propela ya Smith ilikuwa ya mbao, ndefu, imejizungusha mara mbili kamili kama parafujo ya seremala. Akili yake ilimwambia kwamba parafujo ikiwa ndefu zaidi itayashika maji zaidi. Ni fikra inayoingia akilini, au siyo? Hata mimi ningefikiri hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1837 alikuwa akiijaribu boti yake kwenye mfereji London. Propela ikagonga kitu, nusu yake ikavunjika ikaenda na maji. Nahodha yeyote hapa anajua moyo unavyoshuka unaposikia mlio ule wa kugonga. Lakini boti ya Smith haikusimama. Iliongeza mwendo! Kile kipande kilichobaki, chenye mzunguko mmoja tu, kiliisukuma boti vizuri kuliko propela nzima.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu Smith alifanya jambo ambalo wengi wetu tunashindwa kulifanya. Aliyaamini maji kuliko alivyoiamini fikra yake. Hakurudi kutengeneza ile ndefu. Alifuata alichokiona. Miaka minane baadaye, mwaka 1845, jeshi la majini la Uingereza liliifunga meli ya propela, Rattler, tezi kwa tezi, yaani nyuma kwa nyuma, na meli ya magurudumu ya pembeni, Alecto, kila moja ikavuta upande wake. Rattler ikaiburuta mwenzake kinyumenyume. Mabishano ya miaka yakaonyeshwa jibu kwa kamba moja.

Mimi nataka tuwe watu wa namna hiyo. Tuache kuchagua propela kwa macho, kwa sifa, au kwa kuwa jirani anayo. Tupime.

Haya, tuingie kwenye namba. Kwenye kitovu cha propela, au ubavuni mwake, mtakuta namba mbili zimegongwa. Hii yangu ya kulia imeandikwa 13.5 x 21. Hii ya kushoto ni 14 x 17. Namba ya kwanza ni kipenyo: upana wa duara ambalo ncha za mapanga zinalichora zikizunguka. Namba ya pili ndiyo pichi. Na pichi, ndugu zangu, ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu, kama parafujo inavyoingia kwenye ubao. Pichi ya 21 maana yake mzunguko mmoja, inchi 21 mbele. Pichi ya 17, inchi 17. Ukilielewa hilo umeelewa karibu yote, kwa sababu pichi ni gia. Mnakumbuka baiskeli yenye gia? Gia nzito, ukikanyaga mara moja unakwenda mbali, lakini jaribu kuondoka nayo mlimani umebeba mtu nyuma. Magoti yatalia. Gia nyepesi, unaondoka bila taabu, lakini kwenye tambarare miguu inazunguka mpaka inachoka na mwendo hauongezeki. Pichi kubwa ni gia nzito. Pichi ndogo ni gia nyepesi. Tofauti ni moja tu: baiskeli ina gia nyingi, unabadili ukiwa njiani. Boti yako ina gia moja, na unaichagua ukiwa nchi kavu.

Ndiyo maana nasema ichague vizuri!

Sasa nirudi kwenye propela zangu hizi mbili. Kijana mmoja alinijia na boti ya meta 6 yenye injini ya nje ya nguvu za farasi 150. Malalamiko yake yalikuwa matatu. Boti ni nzito kupanda juu ya maji, yaani kuinuka na kuteleza juu yake ikishika kasi. Inakunywa mafuta. Na injini, kwa maneno yake, "inaguna." Nikamuuliza, ukifungua mafuta hadi mwisho, mita ya mizunguko inasoma ngapi? Akaniambia, "Fundi, mimi huangalia mita ya mwendo."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye ugonjwa. Tunaangalia mwendo. Mizunguko hatuiangalii.

Kila injini ina kitabu chake, na kwenye kitabu hicho pameandikwa kiwango cha mizunguko ambacho injini inapaswa kufikia mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Kwa injini nyingi za nje za mipigo minne za siku hizi ni mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Nyingine ziko juu au chini ya hapo. Usikisie, fungua kitabu. Kiwango hicho kimewekwa na waliotengeneza injini, na hapo ndipo inapotoa nguvu uliyoinunua. Kazi ya propela ni kuiruhusu injini ifike hapo. Isiizuie isifike, na isiiachie ikapitiliza.

Tukaingia majini na yule kijana. Yeye na mimi tu, tanki likiwa karibu tupu. Akafungua mafuta yote: mizunguko 5,000. Akafurahi, akasema si umeona, iko sawa. Ni kweli, ilikuwa imegusa sakafu ya kile kiwango. Aliyemuuzia alimjaribia hivyo hivyo, watu wawili na mafuta kidogo. Nikamuuliza: Jumapili unapotoka, huwa mko wangapi? Akasema saba. Na tanki? Limejaa. Na kile kisanduku cha barafu? Kimejaa pia.

Tukarudi gatini tukaijaza boti kama Jumapili. Watu saba, mafuta, maji ya kunywa, barafu, nanga, kila kitu mahali pake. Tukatoka, akafungua mafuta yote. Omo, mbele ya boti, ikainuka juu, ikakaa juu, ikakaa, watu wa nyuma wakawa wanaangalia mbingu. Muda mrefu ukapita kabla haijalala. Nikatazama mita: 4,500. Sindano imesimama pale kama iliyogundishwa. Mizunguko 500 pungufu ya kiwango cha chini kabisa, mafuta yote yakimwagika ndani.

Mnajua ni nini kinatokea ndani ya injini wakati huo? Fikirini gari limejaa watu, linapanda mlima mkali, na dereva amekataa kutoka gia ya tano. Kanyagio liko sakafuni, injini inatetemeka, haiendi. Mafuta yanaingia mengi kuliko kazi inayofanyika. Joto linapanda. Masizi yanajikusanya kwenye pistoni na vali. Mshindo wa kila mlipuko unashuka juu ya pistoni inayokwenda polepole mno. Injini inaweza kuvumilia hivyo mwezi, hata mwaka. Halafu siku moja inakufa, na mwenyewe anasema injini za siku hizi hazina ubora. Nimezifungua injini za namna hiyo kwa mikono hii. Zilikuwa na ubora. Zilibebeshwa gia isiyo yao.

Dawa ilikuwa nini? Kuna kanuni ambayo mafundi wa boti wanaitumia kila siku: ukipunguza pichi kwa inchi 1, mizunguko ya juu inapanda kwa takriban 150 hadi 200. Ukiongeza inchi 1, inashuka kwa kiasi hicho hicho. Tulihitaji kupanda kutoka 4,500 hadi juu kidogo ya 5,000. Nikatoa ya 21, nikaweka ya 17. Inchi 4.

Watu wale wale saba, barafu ile ile. Mita ikasoma 5,200. Boti ikapanda juu ya maji kabla mama mmoja aliyekuwa nyuma hajamaliza kufunga kitambaa chake. Kisha tukawashusha watu, tukaijaribu tupu, kwa sababu lazima upime pande zote mbili. Ikafika 5,700. Bado iko ndani ya kiwango, haijagusa 6,000. Imejaa, salama. Tupu, salama.

Lakini msiondoke hapa mkadhani dawa ni kupunguza pichi siku zote. La! Nimeona pia mtu aliyeweka pichi ndogo mno kwa kuwa aliambiwa boti itachomoka haraka. Ikachomoka kweli. Kisha ikafika 6,300 ikiwa na watu wake wote, kidhibiti cha mizunguko kikawa kinaikatakata injini, inakohoa, inashtuka, inakohoa tena. Injini inayopitiliza mizunguko inajimaliza kwa njia yake, na kile kidhibiti kimewekwa kwa dharura. Hakikuwekwa ili uishi juu yake.

Na mambo mengine yanaihamisha ile sindano bila wewe kugusa propela. Chini ya boti pakiota majani na chaza, mizunguko inashuka. Ukiongeza kivuli cha bati na viti vipya, inashuka. Ukiipeleka boti kwenye ziwa la nyanda za juu inashuka pia, maana hewa ni nyepesi na injini hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300 unazopanda. Kwenye ziwa lililo meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu asilimia 15 ya nguvu imekwenda. Propela iliyokuwa sawa pwani itakuwa nzito kule. Kwa hiyo kabla hujanunua propela mpya, osha boti chini. Nasema hivi kwa uzito: osha kwanza, pima baadaye.

Kuna aliyeniuliza kwenye chai, je, nikijua pichi naweza kujua boti itakwenda kasi gani? Unaweza kukadiria, na hesabu yake ni nzuri kuijua. Chukua ile boti ya kijana. Injini 5,200. Gia ya chini, ile iliyo ndani ya mguu wa injini, inapunguza mizunguko kwa nusu, kwa hiyo propela inazunguka mara 2,600 kwa dakika. Kila mzunguko inchi 17, sawa na sentimeta 43 na kidogo. Zidisha, unapata meta zipatazo 1,120 kwa dakika, ambazo ni kilometa 67 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya kwenye karatasi, kama maji yangekuwa ubao. Lakini maji si ubao, yanateleza. Kwenye simu yenye GPS tulisoma kilometa 57. Zile 10 zilizopotea ndizo tunaziita mtelezo, nazo ni kama asilimia 15. Kwa boti ya kawaida inayopanda juu ya maji, huo ni mtelezo wa kawaida. Ukipata asilimia 30, jua kuna jambo: propela imepinda, au inameza hewa, au boti imebeba mno. Gia za chini zinatofautiana kati ya injini na injini, kwa hiyo uwiano wa yako nao utafute kitabuni.

Nimesema kumeza hewa. Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na ukiyachanganya utatibu ugonjwa usio wako.

La kwanza ni propela kumeza hewa ya juu. Unakata kona kali, ghafla injini inapiga kelele, mizunguko inaruka, boti inapoteza nguvu. Hewa imevutwa kutoka juu ya maji mpaka kwenye mapanga, na mapanga hayawezi kusukuma hewa. Angalia kile kibapa kipana kilicho juu ya propela kwenye mguu wa injini. Kinatakiwa kiwe sawa na chini ya boti, au juu yake kwa kiasi cha inchi moja hivi. Kama injini imefungwa juu zaidi ya hapo, au umeinua mguu wake mno, propela itameza hewa hata ungeinunua ya dhahabu. Rekebisha kimo kwanza.

La pili ni jambo la ajabu zaidi. Maji yanachemka yakiwa baridi. Ndiyo, mmenisikia vizuri. Mgandamizo wa maji ukishuka sana kwenye uso wa panga linalozunguka kwa kasi, maji yanageuka mvuke bila moto. Viputo vinazaliwa, vinasogea kidogo, kisha vinapasuka kwa ndani kwa nguvu inayoweza kumega chuma. Wenye propela za zamani, zitazameni mkifika nyumbani. Mkiona sehemu imetobokatoboka vishimo vidogo kama makovu ya ndui, ni hilo. Mara nyingi chanzo ni ukingo wa panga uliogonga jiwe ukabaki na pengo, maji yanafika pale yanavurugika.

Jambo hili liliwahi kumsimamisha mtu mkubwa. Charles Parsons alijenga chombo kiitwacho Turbinia, kikaingia majini mwaka 1894, kikiwa na injini ya mvuke ya aina mpya kabisa iliyozunguka kwa kasi ambayo hakuna meli iliyokuwa nayo. Nguvu tele. Akakijaribu, hakikufika hata noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Akabadilisha propela, akajaribu tena, akabadilisha tena. Mtu mwingine angeilaumu injini. Parsons akajenga tangi dogo lenye dirisha la kioo, akazungusha propela ndogo ndani yake, akayatazama maji kwa macho yake, akaviona vile viputo. Tatizo lilikuwa kwamba nguvu yote inasukumwa kupitia eneo dogo mno la mapanga. Akaweka shafti tatu, kila moja na propela tatu. Propela tisa! Mwaka 1897, kwenye gwaride la jeshi la majini la Uingereza pale Spithead, Turbinia ilipita katikati ya meli kwa mwendo wa noti 34 hivi, na vyombo vilivyotumwa kuifukuza havikuipata. Injini nayo aliigawa, badala ya turbini moja ya mvuke akaweka tatu, kila shafti na yake. Lakini dawa ya vile viputo ilikuwa kubadilisha namna ya kuyafikia maji.

Mapanga matatu au manne? Nitapita haraka, maana jibu ni rahisi kuliko watu wanavyolifanya. Matatu ndiyo ya kawaida na kwa boti nyingi yanatosha, na yanakupa kasi ya juu kidogo zaidi. Manne yanayashika maji vizuri kwenye kona na kwenye mawimbi, yanaiinua tezi, yanaipandisha boti haraka ikiwa imebeba, na mtetemo unapungua. Anayevuta watu wa kuteleza kwa ski atayapenda manne. Ila mapanga manne ni mzigo zaidi kwa injini, kwa hiyo ukihamia manne, kwa kawaida shusha pichi inchi 1, kisha pima tena. Nimesema pima tena.

Alumini au chuma cha pua kisichoshika kutu? Alumini ni rahisi kununua, rahisi kunyoosha, na ukigonga inakubali kupinda. Chuma cha pua ni imara zaidi, kwa hiyo mapanga yanatengenezwa membamba na hayapindi nguvu ikizidi. Boti inapata mwendo kidogo na inashika vizuri zaidi. Ukipita kwenye maji ya kina kirefu na injini yako ni kubwa, mimi naona inafaa. Ukiishi kwenye mchanga na mawe, mimi ningebaki na alumini, kwa sababu propela isiyokubali kupinda inaupeleka mshindo juu, kwenye shafti na gia. Haya ni maoni yangu, wapo mafundi wazuri wasiokubaliana nami.

Sasa kuna kitu kiko ndani ya kitovu ambacho nataka mkione kwa karibu. Sogeeni. Hapa katikati pana bushi yenye meno ya kukaa kwenye shafti, na kati yake na mwili wa propela pana mpira. Ukigonga gogo, mpira huu unateleza kidogo, gia zinapona. Lakini mpira unazeeka. Ukishachoka unateleza hata bila gogo. Dalili zake ni hizi: polepole boti inakwenda vizuri kabisa, ukifungua mafuta injini inalia, mizunguko inapanda, boti haiendi.

Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye boti yenye dalili hizo hizo. Nikahukumu kuwa gia imekufa. Nikaufungua mguu wote wa injini, siku mbili, vipuri vimetandazwa kwenye turubai, na mwenye boti akakosa safari aliyoiahidi familia yake. Gia zilikuwa nzima. Ilikuwa ni mpira. Tangu siku ile hutembea na chupa ndogo ya rangi nyeupe. Toa propela, chora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye bushi ya ndani, upite juu ya mpira, mpaka kwenye mwili wa propela. Rudisha, toka majini, fungua mafuta, rudi, toa, tazama. Mstari bado umenyooka? Mpira mzima. Mstari umekatika, nusu iko huku nusu iko kule? Umempata mwizi. Kazi ya nusu saa.

Na ukiwa umeshaitoa propela, tazama nyuma yake kwenye shafti. Mshipi wa kuvulia hujizungusha pale, unajikaza, unakata sili. Maji yanaingia kwenye gia, mafuta ya gia yanakuwa meupe kama maziwa. Ondoa mshipi, futa shafti, paka grisi kwenye meno, rudisha washa, vile visahani vya chuma vya kwenye shafti, kama ulivyozikuta, kaza nati, weka pini mpya. Pini ya zamani iliyokunjwa mara tatu itupe. Na kwenye boti beba propela ya akiba, nati, washa, pini, na spana inayoingia. Propela ya akiba bila spana haitakutoa popote.

La mwisho, na hapa naomba simu zishushwe.

Ile boti ya kijana, propela inayozunguka mara 2,600 kwa dakika na mapanga matatu. Gawanyeni. Ni mapigo 130 ya panga kwa sekunde moja. Siku moja nilikuwa kwenye boti imesimama, watoto wanaogelea, injini inaunguruma bila gia. Binti wa miaka tisa hivi ameshika ngazi ya tezi, mguu wake mmoja tayari kwenye kipago. Mtu mzima mmoja akageuka kuchukua taulo, kiwiko kikagusa mkono wa gia. Nikasikia ule mlio mdogo, "klak," wa gia kuingia. Kamba ya kuzimia injini ilikuwa imefungwa kwenye mkono wangu, nikajitupa upande mmoja, ikachomoka, injini ikazima. Binti alipanda akaomba biskuti. Hakujua kitu. Mimi nilikaa chini nikashindwa kusimama.

Kwa hiyo mtu akiwa majini, injini inazimwa. Haiachwi bila gia. Inazimwa, ufunguo unatoka, ufunguo unakaa mfukoni mwa nahodha. Kabla ya kuwasha, nahodha anahesabu vichwa kwa sauti. Na kamba ile inafungwa mwilini kila mara unapokuwa kwenye usukani, hata kama unasogeza boti meta 20 tu gatini.

Nimezungumza vya kutosha, na maji yamejaa vizuri sasa. Kuna boti mbili zimefungwa pale gatini, moja ya bluu na moja nyeupe. Wenyewe wameniambia hawajawahi kuitazama mita ya mizunguko mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Vitabu vya injini zao viko hapa mezani, vimefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Nahitaji watu saba wa kupanda ile ya bluu, makoti ya kuokolea yako kwenye kasha la kijani. Wa nane ashike daftari na kalamu, akae karibu yangu, aandike kila namba nitakayoitaja. Propela hizi mbili nakuja nazo.